Shahidi Asiyesikilizwa

Wako watu wasemao kwamba ndege za siku hizi zajilinda zenyewe. Ndani ya injini, wasema, mna vihisi vipimavyo joto la moshi, shinikizo la oili, kasi ya mhimili na mtetemo wake. Mna hata sumaku ndogo inasayo chembe za chuma katika oili, ili fundi ajue kwamba beringi imeanza kulika. Habari hupelekwa chini hata ndege ikiwa angani bado. Basi, waongeza, binadamu ana kazi gani tena? Msomaji, nakusihi usiyakubali maneno haya. Vihisi si waongo. Waongo ni wale wadhanio kwamba ushahidi uliotolewa umekwisha kusikilizwa.

Yatazame yaliyotokea Uingereza usiku wa tarehe 8 Januari 1989. Ndege aina ya Boeing 737-400 iliondoka London kwenda Belfast ikiwa na watu 126. Ilipokuwa ikipanda, bapa moja la pangaboi la injini ya kushoto lilikatika. Ndege ikatikisika, moshi ukaingia ndani. Kihisi cha mtetemo kilitimiza wajibu wake: kipimo cha injini ya kushoto kilipanda hadi mwisho, kikakaa huko. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa kidogo, hakikuwa na taa ya kuonya, na wenzake wa ndege za zamani walikuwa na sifa ya kusema ovyo. Marubani wakaipunguza nguvu injini ya kulia. Mtikisiko ukapungua kwa sadfa, nao wakadhani wameupata ugonjwa, wakaizima injini iliyokuwa salama. Ile mbovu ikawachukua hadi karibu na uwanja wa East Midlands, kisha ikashindwa, na ndege ikaanguka kando ya barabara kuu karibu na kijiji cha Kegworth. Watu 47 walikufa.

Liko jambo lenye uchungu zaidi. Nahodha aliwatangazia abiria kwamba injini ya kulia ndiyo iliyoharibika, hali baadhi yao, na watumishi watatu wa ndege, walikuwa wameuona moto upande wa kushoto. Hapana aliyekwenda kumwambia. Pengine waliona kwamba mwenye vipimo mbele yake hafundishwi na mwenye macho matupu.

Utaniambia kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba vihisi vya leo ni vingi na vyepesi zaidi. Ni kweli, nami navisifu. Lakini kadiri mashahidi wanavyozidi, ndivyo anavyohitajika zaidi mtu wa kuwasikiliza. Waliochunguza ajali ile, katika taarifa yao ya 1990, walitaka vipimo vipewe namna ya kulivuta jicho la rubani. Hawakuishia hapo. Walitaka pia marubani na watumishi wa abiria wafanye mazoezi pamoja, ili siku ya hatari wajue kusemezana.