Ukiwa na sonona, 'enda upige tizi' pekee haitoshi

Una beshte ambaye siku hizi hashiki simu, haogi, na saa saba mchana pazia bado limefungwa? Kabla hujamwita mvivu, ngoja kidogo. Huenda ni mgonjwa. Huenda ana sonona, ule ugonjwa ambao mtaani tunauita tu depresheni.

Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa hatia, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, aliyenusurika angeweza kutolewa hospitalini na kupelekwa kortini, na kifungo kilikuwa hadi miaka miwili. Tuliushangilia uamuzi huo, na ulistahili. Sasa linabaki swali gumu zaidi: huyu ambaye si mhalifu tena, aende wapi kupata msaada kabla mambo hayajafika huko?

Jibu utakalosikia kwa vijana wengi ni fupi: "Enda upige tizi." Na kusema kweli, ushauri huo una msingi. Mwaka 2024, jarida la matibabu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 218 zilizohusisha zaidi ya watu 14,000. Kutembea, kukimbia, yoga na kuinua vyuma vyote vilionekana kupunguza dalili za sonona. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa, siku tano.

Utaniuliza: "Mimi hutembea kila siku kutoka Kibera hadi Indastrial Eria kutafuta kibarua. Mbona sijapona?" Swali halali. Kutembea kwa sababu huna nauli, huku kichwani unapiga hesabu ya rent, si sawa na kutembea ulikopanga mwenyewe, kwa mwendo wako, pengine na mtu kando yako.

Tena kuna tatizo kubwa zaidi. Sonona huiba hamu ya kufanya jambo lolote. Kumwambia mgonjwa "jitume" ni kumdai kitu kilekile ambacho ugonjwa umemnyang'anya. Akishindwa, anajilaumu, na anazama zaidi.

Hapo ndipo unahitajika msaada wa kujisaidia kwa kuelekezwa. Unapewa kijitabu au mpango wa hatua ndogondogo wa kufuata nyumbani, na mtu aliyefunzwa anakufuatilia kila wiki. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unataja njia hii miongoni mwa za kwanza kuzingatiwa kwa sonona isiyo kali. Mazoezi ya kikundi pia yamo kwenye orodha hiyo.

Ukiunganisha hayo mawili, inakuwa hivi: wiki ya kwanza mnakubaliana utembee hadi dukani na kurudi, mara tatu. Unaandika ulivyojihisi kabla na baada. Ukishindwa, mwelekezi hakugombezi, mnapunguza hatua. Ukiweza, mnaongeza. Mazoezi yanaupa mpango kitu cha kushika, na mpango unakutoa kitandani siku ambayo hamu haipo.

Usidhani haya ni ya wazungu tu. Mpango wa WHO uitwao Problem Management Plus ulijaribiwa hapa Nairobi, miongoni mwa wanawake waliopitia dhuluma za kijinsia, na matokeo yakachapishwa 2017. Vikao vilikuwa vitano: kupumua polepole, kuchambua shida moja baada ya nyingine, kurudia shughuli kidogo kidogo na kutafuta watu wa kukushika mkono. Walioviendesha hawakuwa wanasaikolojia bali wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo. Dhiki ya akili ilipungua kuliko kwa wale waliopata huduma ya kawaida.

Sasa fikiria. Tangu 2023, serikali imetuma mitaani zaidi ya wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii. Mkoba wao una mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Anayebisha mlango wa ploti yenu kumpima mama presha anaweza pia kufunzwa kumuuliza kijana wa chumba cha pili analala vipi, na kurudi wiki ijayo kuuliza tena. Hilo tuwaulize magavana, maana afya ya mashinani iko mikononi mwa kaunti.

Kumbuka, njia hii haichukui nafasi ya daktari. Kama umeandikiwa dawa, usiziache ghafla. Na kama mawazo ya kujiua yanakujia, usingoje mpango wowote: enda hospitali iliyo karibu au pigia Msalaba Mwekundu simu bila malipo, 1199.

Na yule beshte wako? Leo jioni usimtumie meseji ya "toka nje bro". Bisha mlango, vaa raba zako, mwambie mnaenda hadi kona tu na kurudi. Kesho, rudi tena.