MAARIFA YA AFYA: Nguvu ya Dawa ya Kupimia Damu

Damu ya watu wote ni nyekundu, lakini si moja. Mwaka 1901 Dakta Karl Landsteiner wa Vienna alieleza kwamba damu ya wanadamu ina makundi, na ndipo ilipofahamika kwa nini wagonjwa wengine waliotiwa damu walikufa badala ya kupona.

Makundi hayo, yaani A, B, AB na O, hutambulikana kwa dawa iitwayo antisera. Antisera ya A ikichanganywa na damu ya kundi A, chembe zake hushikamana mabonge-mabonge; ikichanganywa na damu ya kundi O, hazishikamani.

Lakini dawa hiyo hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na joto la Garsen halina huruma. Tena Mto Tana ukifurika, kama mwaka 2023, barabara hukatika na shehena huchelewa njiani. Dawa iliyodhoofika yaweza kuonekana safi chupani, kumbe imekwisha nguvu, na damu ya A ikasomwa kuwa ni ya O. Mama wa kundi O aliyetokwa na damu nyingi katika kujifungua, akitiwa damu hiyo, mwili wake huivunja, naye aweza kufa.

Kwa hiyo fundi wa maabara huijaribu kwanza. Hupanga neli kumi za kioo. Katika neli ya kwanza hutia antisera na maji ya chumvi sawa kwa sawa. Huchukua nusu yake akaitia katika ya pili, yenye maji ya chumvi kiasi kile kile. Na kadhalika hata ya mwisho. Ni kama maziwa yanayozidi kutiwa maji hata utamu upotee. Hivyo dawa hupunguzwa mara 2, 4, 8, 16, hata 1024. Kisha kila neli hutiwa chembe za damu ya kundi linalojulikana. Neli ya mwisho yenye chembe zilizoshikamana ndiyo ionyeshayo nguvu ya dawa. Antisera njema ya A au B hutazamiwa ifike 256. Ikikoma katika 32, haifai, ijapokuwa tarehe ya chupa haijapita.

Basi karani wa ghala aandikaye joto la jokofu asubuhi na jioni, bila kukosa, naye ni mlinzi wa maisha ya watu. Tahadhari kabla ya hatari.