Tarakimu Moja Haitoshi Kumpima Mtu

Ipo tabia miongoni mwa baadhi ya wapenzi wa riadha ya kumpima mkimbiaji kwa tarakimu moja tu: idadi ya medali za dhahabu alizopata katika Michezo ya Olimpiki. Kwa kipimo hicho, Filbert Bayi anapata sifuri. Kipimo kinachotoa jibu kama hilo hapana budi kitiliwe shaka chenyewe kabla ya kumtilia shaka mwanariadha.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia iliyodumu tangu 1967. Hakujificha nyuma ya wenzake akingoja mzunguko wa mwisho. Alishika uongozi tangu mwanzo na hakuuachia. John Walker wa New Zealand, aliyemfuata, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, lakini hakumpata. Muda huo ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi 2022. Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliweka pia rekodi ya dunia ya maili moja.

Ikafika Olimpiki ya Montreal ya 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza katika Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikuondolewa katika Michezo. Zaidi ya nchi 20 za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia. Walker akatwaa dhahabu ya mita 1,500. Hakuna awezaye kudai kwa hakika kwamba Bayi angemshinda, lakini ni haki kusema kwamba Bayi hakushindwa Montreal. Ile sifuri ni sehemu ya gharama ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Taifa liliamua kuilipa, naye akaichangia kwa miaka bora ya ujana wake. Mwaka 1980, mjini Moscow, alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Fedha hiyo na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000 ndizo medali pekee ambazo Tanzania ilikuwa imepata hadi kumalizika kwa Olimpiki ya 2024.

Hii haina maana kwamba takwimu zitupwe. Sekunde 32.2 nazo ni takwimu. Kosa ni kuchukua tarakimu moja, kuitenga na mazingira yaliyoizaa, na kuifanya hukumu.

Kosa hilo halikomei viwanjani. Walimu wanalifahamu vizuri. Shule ya Igawa, wilayani Mbarali, na shule ya mjini Mbeya zaweza kuwekwa katika orodha moja kwa asilimia ya waliofaulu. Asilimia hiyo haisemi ni watoto wangapi wanaohitajika nyumbani wakati wa kuamia ndege katika mpunga, wala darasa moja lina wanafunzi wangapi, wala walianza na nini. Mwalimu aliyempokea mtoto asiyejua kusoma akamfikisha kwenye kusoma kwa ufasaha amefanya kazi kubwa, hata kama mtoto huyo hakuchaguliwa kuendelea.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, lakini haitakuwa na maana ikiwa orodha zile zile zitaendelea kutengenezwa katika ofisi za wilaya na kutumiwa kuwakemea walimu vikaoni. Ni wajibu wa kila mkaguzi na kila ofisa, kabla ya kuandika hukumu mbele ya jina la mtumishi, kuuliza: tarakimu hii imetokana na nini, na inaficha nini? Asiyeuliza hivyo atamwandikia Bayi sifuri, na mwalimu wa Igawa vile vile.