Mzazi Abadilikapo Tabia

Tuseme baba mmoja wa Suguti, mwenye miaka 55, aliyekuwa mpole na mwenye haya, sasa auza ng'ombe kwa bei ya kutupa, anyakua chakula cha wajukuu, na kutamka matusi mbele ya wakwe. Majirani watasema amerogwa. La! Yafaa kwanza tuulize: kipi kilitangulia, pupa au usahaulifu?

Pupa ikitangulia, hali kumbukumbu bado njema, aghalabu ubongo unasinyaa upande wa mbele au wa pembeni. Kusinyaa kwa namna hiyo alikueleza Arnold Pick huko Prague mwaka 1892. Usahaulifu ukitangulia, yaelekea ni maradhi aliyoyaeleza Alois Alzheimer mwaka 1906. Pupa huja baadaye. Akili ikipungua baada ya kiharusi, mishipa ya damu ndiyo ishukiwayo. Lakini badiliko la ghafla, la siku mbili tatu, huenda likawa malaria au homa nyingine: mpelekeni hospitali upesi.

Dalili moja haitoshi kuwa hukumu. Yaandikeni mliyoyaona pamoja na tarehe zake, mkampe daktari. Fedha na mifugo vishikwe na mwana mwaminifu. Wala tusimkemee mzazi. Qur'ani Tukufu imetukataza.