Ujuzi Hautiwi Pingu



Wanachama wetu kadha wametuletea karatasi waliyopewa na matajiri wao waitie sahihi. Ndani yake imeandikwa kwamba mtu akiacha kazi, kwa sababu yo yote ile, asifanye kazi ya namna hiyo kwa kampuni nyingine mjini kwa muda wa miaka miwili. Sasa twauliza: mtu aliyesimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma kwa miaka tisa, afanye nini miaka hiyo miwili? Akauze sukuma wiki?

Matajiri wana sababu yao, na si vizuri kuificha. Wasema: "Tumemfundisha kwa fedha zetu, naye atoka na kumpelekea jirani yetu ujuzi ule. Huo ni wizi." Neno hilo ni zito, nasi twataka kulijibu polepole.

Kwanza, kuna siri na kuna ujuzi. Michoro ya mashine, orodha ya wanunuzi na hesabu za bei ni mali ya kampuni. Mwanachama akitoka navyo mfukoni, asije kwetu kutaka kutetewa. Lakini jicho linalotambua chuma kilichopata moto wa kutosha, sikio linalosikia mashine ikianza kuharibika, na mkono uliozoea kazi, hivyo havikutolewa stoo wala haviwezi kurudishwa stoo. Mtu amevipata kwa jasho lake, naye huenda navyo aendako.

Pili, tajiri anayelalamika na atembee ndani ya karakana yake mwenyewe, awaulize watu wake: Wewe ulijifunza wapi kuchomelea? Wewe ulifundishwa na nani kusoma mchoro? Ataona kwamba wengi waliingia langoni mwake wakiwa na ujuzi walioupata kwa tajiri mwingine, naye aliupokea bila kulipa hata senti moja. Siku ile hakuuita wizi. Aliuita uzoefu, tena aliutaka katika tangazo la kazi.

Mji wetu wa Nairobi ni shahidi. Watazameni mafundi wa jua kali wa Gikomba na Kamukunji. Kenneth King, mtaalamu aliyechunguza habari za mafundi hao, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1977 jinsi Waafrika walioajiriwa katika karakana za Wahindi walivyoshika ufundi kwa kutazama na kutenda, kisha wakatoka, wakaanza kazi zao wenyewe na kufundisha vijana wengine. Kama wangalifungwa kwa karatasi, ni nani angalitutengenezea koroboi na masanduku ya bati? Na vijana wale wangalijifunza kwa nani?

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya mafundi wa bati, si ya viwanda vikubwa. Basi na tutazame California, kule Marekani, kwenye kazi za kompyuta. Mwaka 1957 wataalamu wanane waliondoka pamoja kwa tajiri wao, William Shockley, wakaanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor. Mwaka 1968 wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakatoka Fairchild wakaanzisha Intel. Tangu mwaka 1872 sheria ya California haikubali mkataba wa kumzuia mfanya kazi kuendelea na kazi yake baada ya kuondoka. Hatusemi kwamba sheria hiyo peke yake ndiyo iliyoleta utajiri wa Silicon Valley. Twasema tu kwamba watu walihama, ujuzi ukahama nao, na viwanda havikufa. Viliongezeka.

Wazee wetu walikujua kufungwa huku kwa jina lingine. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali, na akitoroka alitafutwa kwa alama za vidole na kushtakiwa. Kipande kiliondolewa miaka ya 1940 ilipokuwa ikiisha. Hatutaki kirudi kimevaa suti.

Kwa matajiri twasema hivi. Fundi haondoki kwa sababu amejua kazi. Aondoka kwa sababu amejua kazi, na mshahara umebaki ule wa mtu asiyejua. Mwenye kutaka fundi wake akae, na amlipe ufundi wake na ampandishe cheo. Dawa hiyo ni rahisi kuliko wakili.

Na wewe mwanachama, usitie sahihi kwa haraka. Chukua nakala ya karatasi uipeleke kwanza kwa mwakilishi wa Chama. Sheria ya Kenya yaipa Mahakama Kuu uwezo wa kubatilisha kizuizi cha namna hii kikionekana kimepita kiasi kwa muda wake, kwa eneo lake au kwa aina ya kazi. Tena, ukiondoka kazini baada ya kutumika majuma manne au zaidi, dai cheti chako cha utumishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamlazimisha tajiri kukitoa, na cheti hicho chaonyesha ulifanya kazi gani, wapi, na tangu lini mpaka lini.

Jambo la mwisho ni letu sisi wenyewe. Kuna mafundi wanaoficha kazi kijana akikaribia, wakiogopa kwamba atawapokonya nafasi. Ndugu, hatuwezi kumlaumu tajiri kwa kufunga mlango tunaoufunga sisi pia. Aliyekufundisha hakukuficha. Nawe mfundishe aliye karibu nawe.

Umoja ni nguvu.