Jeraha la Mguu na Udhu Wake

 

Hivi karibuni nilikwenda Kawangware, Nairobi, kumjulia hali mama mmoja wa jamaa zetu, mgonjwa wa kisukari. Kiatu kilimchubua kidole asihisi kitu, kwani kisukari hufisha hisia za miguu na kupunguza damu iifikiayo. Jeraha likaoza kimya kimya. Muuguzi alimfunga bandeji yenye chembe za madini ya fedha, akamkataza kuifungua mpaka siku ya miadi. Lakini mama, kwa kuchelea udhu wake, akawa anaifungua mara tano kila siku!

Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, na unywele mmoja una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Kwa udogo wake, hutoa fedha kidogo kidogo ndani ya unyevu wa jeraha, ikaua bakteria. Hata hivyo, tusiitegemee peke yake: mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa mwaka 2023 haushauri bandeji za fedha kwa ajili ya kuponyesha vidonda hivyo. Msingi wa tiba ni kudhibiti sukari, kuondolewa nyama iliyokufa kwa mkono wa mtaalamu, kutoukanyagia mguu, na antibiotiki pakiwa na maambukizi.

Ama udhu, dini yetu ni nyepesi. Osha sehemu nzima, pangusa juu ya bandeji kwa mkono wenye unyevu, kisha utayamamu, kama yalivyo madhehebu yetu ya Shafii. Maji yakidhuru hata kwa kupangusa, tayamamu yatosha. Mwenye shaka juu ya kurudia swala na amuulize mwalimu wake.

Nilipomweleza hayo, mama aliniuliza: “Sheikh, mbona hamkutufundisha mapema?” Sikuwa na jibu. Tumewafundisha faradhi za udhu, tukasahau ruhusa zake.

Basi kila mwenye kisukari, anapopitisha vidole baina ya vidole vya miguu wakati wa udhu, na aangalie pia nyayo zake. Akiona mchubuko, wekundu au usaha, aende hospitali siku hiyo hiyo, wala asiwafiche wanawe.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.