Asilimia 98 Yako Ni Mwakenya

Wasee, leo naongea na nyinyi wa kupost skrinishoti za asilimia 98. Modeli yako haijui kitu. Imeingia mtihani na mwakenya kwa soksi, na wewe ndiye uliyeiwekea.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo hivyo. Nilipiga picha majani ya mahindi, mengine mazima, mengine yenye ugonjwa wa milia, yote kwa shamba moja. Kila mmea picha kama nane, nikisogeza simu kidogo tu. Halafu nikaandika ule mstari mmoja wa Python tunaokopiana wote: changanya kama karata, asilimia 80 za kufunza, 20 za kupima. Mtandao wa neva ukapata 98. Nilitamba kwa grupu wiki nzima.

Kisha nikaenda ushago. Shosho akaniletea jani limejaa milia. Simu ikasema: zima. Akaniambia hata bila miwani yeye anaona hilo jani ni gonjwa. Leo nacheka, siku hiyo sikucheka.

Picha nane za mmea mmoja ni ndugu wa tumbo moja. Ukichanganya, sita zinaenda kufunza, mbili kupima. Modeli haikujifunza ugonjwa, ilikariri mimea, udongo na kivuli cha asubuhi. Ni kama mwalimu arudie swali la jana, abadilishe tu jina la Juma liwe Otieno.

Na si sisi wa laptopu za mkopo pekee. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford, akiwemo Andrew Ng, walitoa CheXNet, ya kusoma eksirei za kifua. Picha 112,120, wagonjwa 30,805. Piga hesabu: wagonjwa wengi wana picha zaidi ya moja. Toleo la kwanza la andiko lao liligawa picha kiholela. Watu wakauliza, si mgonjwa mmoja anaweza kuwa pande zote mbili? Toleo la baadaye likahakikisha hakuna mgonjwa anayerudiwa. Wao walirekebisha. Wewe je?

Gawa kwa mkono. Ndiyo, inachosha. Fungua folda, andika kila picha imetoka shamba gani, mmea gani, siku gani, halafu shamba zima liende upande mmoja. Kama ni sauti, gawa kwa msemaji. Niliongeza mashamba mawili, nikarudia hivyo, ile 98 ikashuka hadi 71. Iliuma. Lakini 71 ndiyo namba ningeweza kumwambia shosho bila aibu.

Kuna jamaa ataniambia kugawa kwa mkono ni upendeleo. Kweli, ukichagua picha rahisi zikupime, huo ni wizi mwingine. Ndiyo maana unaandika kanuni yako kabla ya kufunza, na shamba la mtihani unalifungia, huligusi mpaka mwisho. Kuchungulia matokeo kila jioni ukirekebisha modeli pia ni mwakenya, ni vile tu inaenda polepole.

Sasa kuna timu naijua inataka kuuzia wakulima programu kama hii kabla ya mvua ya masika. Mkulima atalipa, apige picha, aambiwe shamba lake liko sawa. Niliwauliza picha zao za kupima zimetoka shamba gani. Mpaka saa hii naona tiki mbili za bluu tu.